Halijoto ya Rangi na Udhihirishaji wa Rangi: Maelezo ya Istilahi Mbili za Taa

Juu ya sanduku la taa ya umeme inayouzwa dukani siku hizi huandikwa maneno na tarakimu ambazo mnunuzi yampasa kuzifahamu kabla ya kutoa fedha yake. Wati husema taa itakula umeme kiasi gani, na lumeni husema itatoa mwanga mwingi kiasi gani. Hayo mawili hayana utata mkubwa. Lakini kando yake huonekana tarakimu nyingine, kama 2700 K au 6500 K, na alama ya Ra ikifuatiwa na 80 au 90. Taa nyingine, hasa zile za bomba refu, huandikwa tarakimu tatu tu kama 827, 840 au 865. Tarakimu hizi hazisemi habari za wingi wa mwanga bali habari za rangi, nazo zasema mambo mawili yaliyo mbalimbali: kwanza, mwanga wenyewe una rangi gani, pili, mwanga huo huzionyesha rangi za vitu kwa uaminifu kiasi gani.

Mambo haya mawili huchanganywa mara nyingi, na Kiswahili hakijawa na desturi moja ya kuyatenga. Taa hupewa sifa ya kuwa na "rangi nzuri", wala haijulikani kama uzuri huo ni wa taa au ni wa vitu vinavyoangazwa nayo. Mchanganyiko huu si jambo dogo. Mkunga anayetazama ngozi ya mtoto mchanga apate kujua kama imeingia umanjano wa maradhi, mfanya biashara anayelinganisha majora mawili ya kitambaa, na msomaji wa mswada wa kale wenye wino mweusi na wino mwekundu, wote hutegemea taa iwaambie kweli. Tena, kama itakavyoonekana mwishoni, mchunguzi wa lugha mwenyewe ni mmoja wao.

Chuma cha mhunzi

Asili ya kipimo cha kwanza yaweza kuonwa katika kiwanda cha mhunzi. Chuma kinapotiwa motoni na kuvuviwa kwa mvukuto hakibadiliki rangi kwa upesi, ijapokuwa mkono hauthubutu kukigusa. Kikifikia digrii 525 za Selisiasi hivi ndipo huanza kutoa wekundu wa giza. Kiwango hicho kilielezwa na John William Draper mwaka 1847, naye alionyesha ya kuwa vitu vigumu vya namna mbalimbali huanza kung'aa katika kiwango kilicho karibu sawa. Moto ukizidi, chuma huwa chekundu cha kuwaka, kisha hupata rangi ya chungwa, kisha rangi ya manjano, na mwisho hukaribia weupe. Mhunzi aliye stadi hahitaji kipimajoto. Rangi ya chuma humwambia wakati wa kupiga nyundo.

Wataalamu wa fizikia waliichukua maarifa hii ya mhunzi wakaifanya kanuni. Waliwaza juu ya gimba jeusi kamili, yaani kitu kinachomeza mwanga wote unaokifikia bila ya kurudisha hata chembe, hata ikawa mwanga wowote kitakaoutoa kikipata moto hutokana na moto wake tu. Mwaka 1900 Max Planck wa Ujerumani alitoa kanuni inayoeleza gimba hilo hutoa kiasi gani cha kila namna ya miali katika kila kiwango cha halijoto. Kwa kanuni hiyo, ukijua halijoto ya gimba hujua rangi yake. Na ukijua rangi yake hujua halijoto yake.

Halijoto hiyo hupimwa kwa kelvini. Kipimo hiki chaitwa kwa jina la William Thomson, aliyepewa cheo cha Lord Kelvin, aliyezaliwa mwaka 1824 na kufariki mwaka 1907. Huanza kuhesabiwa penye sifuri halisi, ambayo ni digrii 273.15 chini ya sifuri ya Selisiasi. Tangu uamuzi wa mkutano mkuu wa vipimo wa mwaka 1967, kipimo hiki hakiitwi tena digrii. Husemwa "kelvini 2700", wala si "digrii kelvini 2700". Mwandishi wa Kiswahili anayeongeza neno digrii hapo hurudisha desturi iliyokwisha kuachwa.

Uzi wa tungsteni katika balbu ya zamani huwaka kwa kelvini 2700 hadi 2800 hivi, na mwanga wake una umanjano. Mwali wa mshumaa ni kelvini 1900 hivi, nao ni mwekundu zaidi. Jua la adhuhuri hukadiriwa kuwa kelvini 5000 hadi 5500, na mwanga wa mchana uliowekwa kuwa kiwango cha kulinganishia hufikia kelvini 6500 hivi, kwa kuwa ndani yake mna nuru ya jua pamoja na nuru ya mbingu. Kivulini, mahali panapopata nuru ya mbingu ya samawati peke yake, kipimo chaweza kupita kelvini 10,000.

Sababu ya mabadiliko haya ni mgawanyo wa miali. Jicho la mtu huona mawimbi yenye urefu wa nanomita 380 hadi 780 hivi, kuanzia urujuani hata wekundu. Gimba lenye kelvini 2700 hutoa miali yake kwa wingi zaidi penye nanomita 1073 hivi, nje kabisa ya upeo wa macho, katika miali ambayo ngozi huihisi kuwa ni joto. Sehemu inayoingia machoni ni ile ya pembeni, yenye wekundu mwingi na usamawati mchache. Gimba lenye kelvini 5800 lina kilele chake penye nanomita 500 hivi, katikati ya upeo wa macho, kwa hiyo rangi zote hupata fungu la kutosha. Hii ndiyo maana balbu ya uzi ilikuwa taa ya hasara: sehemu kubwa ya umeme wake iligeuka kuwa joto lisiloonekana.

Joto la moto na vuguvugu la macho

Hapa ndipo lugha inapoanza kumpoteza msomaji. Juu ya sanduku la taa yenye kelvini 2700 huandikwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya "weupe wa vuguvugu", na juu ya ile yenye kelvini 6500 huandikwa maneno yenye maana ya "weupe wa baridi" au "weupe wa mchana". Basi taa yenye tarakimu ndogo ya halijoto huitwa ya vuguvugu, na ile yenye tarakimu kubwa huitwa ya baridi. Ni sawa na kusema ya kuwa chungu kinachochemka ni cha baridi na kile kilichopoa ni cha moto.

Kinyume hiki hakina siri. Kelvini ni lugha ya fizikia, nayo yasema juu ya gimba linalowaka. Vuguvugu na baridi ni tashbihi ya wachoraji wa Ulaya, nayo yasema juu ya hisi ya mtazamaji, ambaye rangi ya makaa humkumbusha moto na rangi ya maji na barafu humkumbusha baridi. Lugha mbili zimewekwa juu ya sanduku moja, kila moja ikielekea upande wake. Mfasiri anayezihamisha zote mbili katika Kiswahili kwa neno moja la "joto" humfanya mnunuzi aamini ya kuwa taa ya kelvini 6500 itakipasha chumba chake moto kuliko ile ya 2700.

Tena yafaa kukumbuka ya kuwa taa hizi za siku hizi hazina uzi unaowaka. Tungsteni, iliyo sugu kwa moto kuliko metali zote, huyeyuka penye kelvini 3695. Kwa hiyo hapana uzi wa metali unaoweza kuwaka kwa kelvini 6500 ukabaki uzi. Taa iliyoandikwa tarakimu hiyo haina moto wa namna hiyo mahali popote ndani yake. Maana ya tarakimu ni hii tu: mwanga wa taa hiyo hufanana na mwanga ambao gimba jeusi lingeutoa kama lingalikuwa na halijoto hiyo. Kipimo cha namna hii huitwa na wataalamu halijoto ya rangi ya kulinganishwa, na neno kulinganishwa ndilo lililobeba uzito wote.

Kufanana huko nako si kamili. Rangi ya mwanga ina pande mbili: yaweza kuelekea manjano au samawati, na yaweza vilevile kuelekea kijani au waridi. Kelvini hupima upande wa kwanza tu. Taa mbili zenye kelvini 4000 zaweza kutundikwa katika dari moja, moja ikaonekana ina ukijani na ya pili ina uwaridi, na tarakimu zake zisiwe na kosa lolote. Anayenunua taa kwa kutazama kelvini peke yake amejua nusu ya rangi ya mwanga, wala hajajua lolote juu ya rangi za vitu.

Mwanga unaoficha na mwanga unaodhihirisha

Kipimo cha pili ni cha vitu. Kitu hakina rangi ya kutoa chenyewe. Hupokea mwanga, humeza sehemu yake, na hurudisha sehemu iliyobaki. Nyanya mbivu ni nyekundu kwa sababu hurudisha miali myekundu na kumeza nyingine. Lakini nyanya haiwezi kurudisha kisichoifikia. Ikiangazwa kwa taa isiyo na miali myekundu, huonekana ya kahawia au nyeusi, hata kama mwanga wa taa yenyewe ni mweupe machoni.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni taa ya sodiamu ya mkandamizo mdogo, iliyotumika sana katika barabara za Ulaya katika karne ya 20. Mwanga wake karibu wote uko penye nanomita 589, yaani manjano tupu. Chini ya taa hiyo gari jekundu na gari la buluu hayakuwa na tofauti ila ya weusi na weupe. Mtu aliona kila kitu wala hakuijua rangi ya chochote. Taa ya sodiamu ya mkandamizo mkubwa, iliyokuja baadaye na kuenea katika miji ya Afrika Mashariki pia, ilifanya vizuri kidogo, lakini nayo huacha rangi nyingi gizani.

Taa za siku hizi hupata weupe wake kwa njia nyingine. Bomba la mvuke wa zebaki hutoa miali iliyo juu ya urujuani, isiyoonekana, na unga uliopakwa ndani ya kioo hugeuza miali hiyo kuwa mwanga wa macho. Taa za diodi, zijulikanazo kama taa za LED, aghalabu hutoa mwanga wa buluu, na tabaka la fosfa hugeuza sehemu ya buluu hiyo kuwa manjano. Manjano na buluu zikichanganyika huonekana nyeupe. Diodi hiyo ya buluu ndiyo iliyowapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Lakini weupe huo ni wa kuunganisha. Jicho hutosheka nao, lakini kitu chenye rangi nyekundu chaweza kukuta ya kuwa fungu lake limesahauliwa.

Ili jambo hili lipate kipimo, Kamisheni ya Kimataifa ya Mwangaza, iliyoundwa mwaka 1913, ilitoa mwaka 1965 kanuni ya kupima udhihirishaji wa rangi, ikaitengeneza upya mwaka 1974. Huchukuliwa vipande 8 vya rangi zisizokolea sana, hukadiriwa jinsi vinavyoonekana chini ya taa inayopimwa, na jinsi vinavyoonekana chini ya mwanga wa kulinganishia. Tofauti zake hufanyiwa wastani, na matokeo huandikwa kwa alama ya Ra. Taa isiyobadilisha chochote hupata 100. Taa ya sodiamu ya mkandamizo mkubwa ya kawaida hupata 20 na kitu. Ile ya mkandamizo mdogo huanguka chini ya sifuri. Taa za nyumbani zilizo nyingi hupata 80 au zaidi kidogo.

Sasa zile tarakimu tatu zilizotajwa mwanzoni zaweza kusomwa. Tarakimu ya kwanza ni ya udhihirishaji: 8 maana yake Ra imefikia 80 lakini haijafikia 90, na 9 maana yake imefikia 90. Tarakimu mbili za mwisho ni mamia ya kelvini. Basi 827 ni taa yenye Ra ya themanini na kitu na kelvini 2700. 865 ina udhihirishaji wa daraja ile ile, lakini kelvini 6500. Na 965 ina weupe ule ule wa 865, lakini ni aminifu zaidi kwa rangi za vitu. Mnunuzi anayeitaka 965 kisha akapewa 865 kwa kuambiwa ya kuwa "zote ni nyeupe" ameambiwa neno la kweli lisilomfaa.

Mipaka ya wastani

Fahirisi hii ina mambo mawili ambayo lazima yajulikane na kila anayeitumia.

La kwanza, mwanga wa kulinganishia si mmoja kwa taa zote. Kwa taa iliyo chini ya kelvini 5000 hutumika gimba jeusi lenye halijoto ile ile. Kwa taa iliyo juu ya hapo hutumika mwanga wa mchana wenye halijoto ile ile. Kwa hiyo balbu ya uzi wa tungsteni hupata karibu 100 kamili, kwa kuwa hulinganishwa na kitu kilicho kama nafsi yake. Lakini kila mtu aliyechagua nguo mbele ya balbu hiyo ajua jinsi ilivyo vigumu kupambanua buluu nzito na nyeusi, maana usamawati wa balbu ni mchache. Alama ya 100 haisemi ya kuwa vitu vitaonekana kama vinavyoonekana mchana. Yasema ya kuwa vitaonekana kama inavyopasa kuonekana chini ya mwanga wa halijoto hiyo. Ndiyo maana fahirisi haina maana timilifu isipotajwa pamoja na kelvini, na ndiyo maana taa za halijoto mbalimbali hazifai kushindanishwa kwa Ra peke yake.

La pili, Ra ni wastani wa vipande 8, na miongoni mwavyo hamna wekundu uliokolea. Wekundu huo ni kipande cha 9, kinachopimwa kando, nacho hakiingii katika wastani. Taa ya LED yaweza kupata 80 kwa haki huku alama yake ya kipande cha 9 ikiwa karibu na sifuri. Nyama, midomo ya mgonjwa, kanga nyekundu na wino mwekundu wa mwandishi wa kale vyote vyategemea kipande hicho kisichohesabiwa. Kwa sababu ya upungufu huu wahandisi wa mwangaza wa Marekani walitoa mwaka 2015 njia nyingine yenye sampuli 99 za rangi, na Kamisheni ya Kimataifa nayo ikachapisha mwaka 2017 fahirisi ya uaminifu iliyojengwa juu ya njia hiyo. Lakini sandukuni Ra bado yatawala.

Faida ya kujua mipaka hii huonekana hospitalini. Umanjano wa mtoto mchanga hutazamwa vyema penye mwanga wa mchana, kwa kuwa taa yenye umanjano mwingi huipaka ngozi yote rangi ile ile inayotafutwa. Usamawati wa mgonjwa aliyepungukiwa na hewa katika damu ni mgumu zaidi, maana hutegemea sehemu ndogo ya miali myekundu. Huko Australia na New Zealand kuna fahirisi maalumu ya taa kwa ajili ya jambo hilo moja, nayo huambatana na sharti ya kelvini 3300 hadi 5300. Vipimo viwili vimewekwa bega kwa bega, kwa kuwa kimoja hakitoshi.

Rangi za Kiswahili na mwanga wa mchana

Kiswahili chaweza kulieleza jambo hili kwa urahisi kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu majina yake ya rangi yameshikamana na vitu. Vivumishi vya rangi vinavyopokea viambishi vya ngeli ni vitatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine hutajwa kwa kuelekezea kitu kinachojulikana: manjano ni kiungo cha mchuzi, kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, chungwa na zambarau ni matunda, na samawati yatokana na neno la Kiarabu la mbingu.

Kila jina la namna hii lina sharti lisilotamkwa. Anayesema "rangi ya manjano" hataki manjano kama yanavyoonekana usiku kwa koroboi, bali kama yanavyoonekana mchana. Kijani ni rangi ya jani wakati wa jua, si chini ya taa ya sodiamu, ambapo jani huwa jeusi. Mchana ndio shahidi wa majina yote haya. Kwa hiyo fahirisi ya udhihirishaji, iliyoanzishwa katika maabara za mbali, haimletei msemaji wa Kiswahili wazo geni: huuliza tu ni kwa kiasi gani taa huviacha vitu vibaki na majina yake. Mnunuzi anayekitoa kitambaa mlangoni akitazame juani hufanya kipimo hicho hicho bila ya tarakimu.

Kivumishi -eupe chahitaji neno la peke yake. Hutumika kwa rangi ya kitu, kama kanzu nyeupe, na hutumika kwa nuru yenyewe: kukicha husemwa kumekuwa kweupe, na mahali pa wazi ni peupe. Katika usemi wa madukani "taa nyeupe" ni ile ya kelvini nyingi na "taa ya njano" ni ile ya kelvini chache. Usemi huu ni wa haki. Lakini jicho lina tabia ya kuzoea: mtu akikaa chini ya taa ya kelvini 2700 kwa muda mfupi, kanzu humrudia kuwa nyeupe, wala hakumbuki umanjano. Johannes von Kries alieleza kanuni ya mazoea haya mwaka 1902. Kamera haina mazoea hayo isipowekewa hesabu, ndiyo maana picha ya chumba kile kile hutoka na umanjano uliomtoroka mtazamaji. Basi "nyeupe" ya taa ni jambo la kulinganisha, nayo haiwezi peke yake kuwa istilahi ya kipimo.

Istilahi zinazofaa

Kwa kipimo cha kwanza, "joto la rangi" halifai, kwa kuwa joto ni kitu kinachohisiwa na kuhamishwa, na taa inayosemwa yaweza kuwa ya baridi mkononi. "Halijoto ya rangi" yafaa zaidi. Neno halijoto, lililoundwa kwa kuunganisha hali na joto, hutaja kiwango wala si moto wenyewe, nalo laafikiana na kelvini. Maneno ya vuguvugu na baridi yafaa kuachwa kabisa katika maelezo ya taa, maana huenda kinyume cha tarakimu. Mahali pake paweza kuchukuliwa na "weupe wa manjano" kwa taa za kelvini 2700 hadi 3000, "weupe wa kati" kwa zile za 4000 hivi, na "weupe wa samawati" kwa zile za 6500. Semi hizi zatokana na kile ambacho jicho huona, nazo haziwezi kupingana na kelvini.

Kwa kipimo cha pili, "ubora wa rangi" ni neno pana mno. Muuzaji huliweka juu ya bidhaa yoyote. "Udhihirishaji wa rangi" lataja tendo lenyewe, yaani taa kukitoa kitu wazi kama kilivyo, na "fahirisi ya udhihirishaji wa rangi" lataja tarakimu yake. Neno fahirisi limekwisha kuzoewa katika habari za bei, kwa hiyo halimgeukii msomaji. Kutengana kwa istilahi hizi mbili ndiko kunakotakiwa: moja iwe na taa, nyingine iwe na vitu.

Imebaki faida inayowahusu wanaisimu wenyewe. Brent Berlin na Paul Kay walipochapisha mwaka 1969 uchunguzi wao mashuhuri wa majina ya rangi, Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha 20 ambazo wasemaji wake walionyeshwa vipande vya rangi na kuulizwa majina. Tangu wakati huo uchunguzi wa namna hiyo umefanywa mara nyingi, katika vyumba vya chuo na vijijini pia, na majibu yake yamejengewa nadharia juu ya mipaka ya buluu na kijani, au ya wekundu na ukahawia. Lakini kipande cha rangi hakijibu chenyewe. Hujibu pamoja na mwanga unaokiangaza. Msemaji anayekiita kipande cha buluu nzito "cheusi" chini ya taa ya uzi, au kipande chekundu "cha kahawia" chini ya taa isiyo na wekundu, hakukosea neno, wala lugha yake haikupungukiwa. Ametaja kwa uaminifu kile alichokiona, na aliyepunguza ni taa.

Kwa hiyo yampasa mchunguzi aandike katika daftari lake, kando ya umri wa msemaji na mahali alipozaliwa, kama vipande vilitazamwa kwa mwanga wa mchana au kwa taa. Na kama ni kwa taa, aandike halijoto yake ya rangi na fahirisi yake ya udhihirishaji. Tarakimu hizo mbili zimechapwa sandukuni na kuzinakili ni kazi ya dakika moja. Zikikosekana, atakayesoma daftari hilo baada ya miaka 20 hataweza kupambanua yaliyosemwa na lugha na yaliyosemwa na taa.